Je, Wajua? 1/1000 ya Kamera ya Zamani Huenda Isiwe 1/1000

Namba kubwa kuliko zote kwenye kitufe cha kasi cha Leica IIIa, kamera ya Kijerumani ya mwaka 1935, ni 1000: yaani filamu ipate mwanga kwa sekunde 1/1000 tu. Je, wajua kwamba kwa kasi hiyo filamu haiwi wazi yote kwa wakati mmoja?

Shata yake ni mapazia mawili ya kitambaa yanayovutwa na springi. Ukibonyeza, la kwanza hukimbia na kuifunua filamu, la pili hulifuata na kuifunika. Kila moja huchukua takriban milisekunde 20 kumaliza upana wa picha, milimita 36. Kwa 1/20, la kwanza hufika mwisho ndipo la pili lianze. Kwa 1/1000, la pili huondoka mara moja, likiacha ufa wa karibu milimita 2 unaopita juu ya filamu.

Ufa huo ndio wenye kesi. Miaka ikienda, springi hulegea na grisi hugeuka gundi. Pazia la pili likichelewa milisekunde moja, kwa 1/30 hutaona tofauti, maana filamu ilikuwa ipate mwanga milisekunde 33. Kwa 1/1000, mwanga umeongezeka maradufu. Likienda mbio kuliko la kwanza, ufa hubanwa njiani na upande mmoja wa picha hutoka na giza.

Waundaji walilijua hilo. Nikon FM2 ya mwaka 1982 haikutumia kitambaa bali vibati vyepesi vya titani vinavyoshuka wima, safari ya milimita 24 badala ya 36. Ikafika 1/4000.

Ukinunua kamera ya mtumba, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kupimia kasi ya shata, apime mwanzo, katikati na mwisho wa fremu. Kipimo kimoja cha katikati hakitoshi. Usiimiminie mafuta mwenyewe, yatafika kwenye mapazia. Filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi maradufu, ya slaidi haisamehe. Kabla haijapimwa, punguza tundu la lenzi na upige kwa 1/125 au 1/250. Kasi hizo huaminika zaidi.