Alipotea mchana kweupe: Yatupasayo kujua kuhusu jua na umri

Na DAKTARI WETU

MSOMAJI mpenzi, mtu akitoweka ghafla, watu hawakosi la kusema. Wako watakaodai ametekwa nyara, wako watakaoapa ameliwa na mnyama, na wengine watanong'onezana kwamba ametoroka madeni au mke. Sisi madaktari tuna maswali mengine, nayo aghalabu hayapendezi kama uvumi. Alikuwa na umri gani? Alikuwa akitumia dawa zipi? Jua lilikuwa kali kiasi gani saa ile? Alibeba maji?

Wiki hii ningependa tutazame kisa kimoja kilichotikisa dunia mwaka wa 2024, kwa sababu kina funzo kwa kila mwenye umri wa miaka hamsini na kuendelea, na kwa kila aliye na mzazi wa umri huo.

Dkt Michael Mosley alikuwa Mwingereza aliyesomea udaktari kisha akageukia utangazaji. Wengi walimjua kupitia vipindi vyake vya BBC, na hasa kwa mtindo wa kula kawaida siku tano za juma na kupunguza sana chakula siku mbili. Hakuogopa kuufanyia majaribio mwili wake mwenyewe. Katika filamu moja iliyoonyeshwa mwaka wa 2014, alimeza kwa hiari yake vifuko vya tegu vilivyotolewa katika nyama ya ng'ombe wa hapa Kenya, ili watazamaji waone mnyoo huyo humfanya nini binadamu.

Mtu huyu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wengine jinsi ya kuishi miaka mingi, alitoweka mnamo Juni 5, 2024 akiwa na miaka 67.

Alivyopotea

Alikuwa likizoni na mkewe, ambaye pia ni daktari, katika kisiwa kidogo cha Symi nchini Ugiriki. Siku hiyo walikuwa katika ufuo wa Agios Nikolaos. Mwendo wa saa saba na nusu mchana, Mosley aliwaaga wenzake akaanza kurejea kwa miguu. Simu yake ya mkononi hakuibeba.

Kamera za usalama zilimnasa akipita katika kijiji cha Pedi, mwavuli mkononi, akijikinga na jua. Kutoka hapo angeweza kuifuata barabara ya kuelekea mjini. Badala yake alishika njia ya mawe inayopanda vilima vikavu visivyo na kivuli, kuelekea ufuo mwingine uitwao Agia Marina. Joto siku hizo lilikaribia nyuzi 40 za Selsiasi.

Alipokosa kurudi, mkewe alipiga ripoti. Polisi, wazima moto, watu wa kujitolea, mbwa, helikopta na ndege zisizo na rubani zilitumika kumtafuta. Siku nne zilipita. Jumapili, Juni 9, meya wa kisiwa hicho akiwa ndani ya mashua pamoja na waandishi wa habari, mwili ulionekana kando ya ua wa mkahawa wa ufuoni hapo Agia Marina. Alikuwa amevuka vilima vyote vile na kubakisha mita chache tu kufikia watu, kivuli na maji.

Dhana zilizozagaa

Katika siku hizo nne, kila mtu alikuwa mpelelezi. Hebu tuzipime dhana zilizotolewa moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa kwamba aliporomoka kutoka kwenye jabali au akatumbukia baharini. Dhana hii haikuwa ya kipuuzi, kwa maana njia ile ina mawe na miteremko. Lakini waliouchunguza mwili hawakuona jeraha ambalo lingeweza kumuua.

Ya pili ilikuwa nyoka. Ni kweli Ugiriki ina nyoka wenye sumu, na hao ni wa jamii moja na kifutu wetu. Lakini sumu ya jamii hiyo kwa kawaida huchukua saa nyingi kumwangamiza mtu mzima, nayo huacha uvimbe mkubwa na maumivu makali. Si sumu ya kumwangusha mtu papo hapo.

Ya tatu ilikuwa kwamba ameuawa. Hakuna chochote kilichopatikana cha kuunga mkono maneno hayo.

Ya nne ni moyo au ubongo. Mtu wa miaka 67 anayepanda kilima anaweza kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi hata kama asubuhi yake alikuwa mzima kama kigongo. Dhana hii daktari hawezi kuitupa.

Ya tano ni joto lenyewe.

Mnamo Desemba 2024, afisa wa uchunguzi wa vifo nchini Uingereza alitoa uamuzi wake. Alisema chanzo cha kifo hakingeweza kuthibitishwa, ila yaelekea ni kiharusi cha joto au maradhi ambayo hayakutambuliwa. Kwa maneno mengine, zilibaki dhana mbili, ya nne na ya tano.

Huenda msomaji ukauliza, itakuwaje wataalamu washindwe kujua? Sababu ni kwamba kiharusi cha joto hakiachi alama ya hakika mwilini. Anayekitambua ni yule ampimaye mgonjwa joto akiwa angali hai. Mwili uliolala siku nne juani huharibika, na ushahidi mwingi hupotea nao.

Umri na joto

Usichanganye kiharusi cha joto na kile kiharusi cha kawaida cha kupooza upande mmoja. Hiki ni hali ambapo joto la ndani ya mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 37, hupanda na kupita 40, na akili ya mgonjwa huvurugika. Kisipotibiwa haraka, ubongo, figo, ini na moyo huanza kuharibika.

Mwili hujipoza kwa njia kuu mbili. Kwanza, moyo husukuma damu nyingi kwenye ngozi ili joto litoke nje. Pili, tunatoa jasho, na jasho linapokauka huondoka na joto. Umri huzidhoofisha njia zote mbili. Moyo wa mzee hauwezi kuongeza kasi kama wa kijana, na vinyweleo vyake hutoa jasho kidogo na kwa kuchelewa.

Kibaya zaidi ni kiu. Kijana akipungukiwa na maji, koo humkauka akatafuta maji mara moja. Kwa mzee kengele hiyo hulia kwa sauti ya chini sana. Anaweza kupoteza maji mengi na bado akakuambia, "Mwanangu, sina kiu." Figo zake nazo hazihifadhi maji kama zamani.

Zaidi ya hayo zipo dawa. Wengi wa umri huo wanatibiwa shinikizo la damu. Dawa za kukojoza huondoa maji na chumvi. Nyingine hupunguza mapigo ya moyo, ule moyo unaotegemewa kusukuma damu kwenye ngozi. Baadhi ya dawa za mzio, za mafua na za huzuni ya akili huzuia jasho. Hii haina maana kwamba uache dawa zako. Hilo ni hatari kubwa zaidi. Maana yake ni kwamba kabla ya safari ya joto, umwulize daktari wako.

Mwendo wenyewe pia ni moto. Unapopanda mlima, kiasi cha robo tatu ya nguvu zinazotumiwa na misuli hugeuka kuwa joto. Kwa hivyo mpandaji huchomwa na jua kutoka nje na misuli yake kutoka ndani.

Tena mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto jipya. Mgeni aliyetua juzi hana ngao hiyo. Juni hiyo ya 2024 Ugiriki ilipatwa na wimbi la joto la mapema mno, hata eneo la magofu ya Acropolis mjini Athens likafungwa saa za mchana. Watalii wengine kadhaa, wengi wao watu wazima waliotoka kutembea peke yao, walifariki au kutoweka katika visiwa mbalimbali vya nchi hiyo.

Mbona hakuomba msaada?

Swali hili lilisumbua wengi. Hatuwezi kujua yaliyompata Mosley katika dakika zake za mwisho. Lakini nawe uelewe jambo moja: kiungo cha kwanza kuyumbishwa na joto ni ubongo. Mtu huanza kuumwa na kichwa, kuona kizunguzungu na kutaka kutapika. Kisha maamuzi yake huharibika. Huchukua njia isiyofaa, hukataa kupumzika, huongea maneno yasiyoeleweka, huyumba kama mlevi. Yeye mwenyewe hajui kwamba amechanganyikiwa. Ndiyo maana anayetembea peke yake yumo hatarini zaidi: hakuna jicho la pili la kumwambia, "Mzee, keti kivulini."

Kupotea hakuhitaji joto, mradi uwe peke yako. Mwaka wa 2013, mama mmoja wa miaka 66 alikuwa akisafiri kwa miguu katika misitu ya jimbo la Maine, Marekani. Alitoka njiani kidogo kwenda haja, akashindwa kuiona njia tena. Alijaribu kutuma ujumbe kwa simu lakini mtandao haukushika. Aliishi ndani ya hema lake kwa muda usiopungua siku 26, akiandika katika daftari. Mabaki yake yalipatikana mwaka wa 2015, kilomita tatu hivi kutoka kwenye njia. Huko nako watu walikuwa wamezungumza juu ya uhalifu. Ukweli ulikuwa mwepesi na wa kuhuzunisha kuliko uvumi wote.

Na hapa kwetu?

Siku hizi wakazi wengi wa mijini wamependa kupanda milima mwishoni mwa juma, na mimi nawapongeza. Mazoezi ni dawa ya kisukari, presha na unene. Lakini kuzunguka ukingo wa Mlima Longonot, wenye kimo cha mita 2,776, ni kazi ya saa kadhaa katika vumbi na kivuli haba. Huko juu upepo hupuliza na kumdanganya mtu kwamba jua si kali. Naye mkazi wa Nairobi anayeteremka Mombasa mwezi Desemba hukutana na joto lenye unyevu, ambamo jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Vilevile kumbuka wazee wetu wanaosahausahau. Mzee mwenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu anaweza kutoka langoni asubuhi na kuendelea tu mbele hadi azuiwe na kichaka au mtaro. Akitoweka, usingoje jioni wala kesho. Anza kutafuta karibu na pale alipoonekana mwisho, ukichungulia vichakani na nyuma ya nyua, na upige ripoti kwa polisi papo hapo.

Mambo ya kufanya

1. Anza safari alfajiri na uhakikishe kwamba kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni hauko kwenye mteremko usio na kivuli.

2. Usiende peke yako. Ukilazimika, mwachie mtu habari: njia utakayopita na saa ya kurudi. Ukichelewa, naye ajue la kufanya.

3. Beba simu yenye moto, hata kama ni likizo. Beba pia filimbi. Sauti ya filimbi hufika mbali kuliko ya mtu aliyechoka.

4. Kunywa maji kidogo kidogo kabla ya kuona kiu. Mwenye maradhi ya moyo au figo aulize daktari kiasi kimfaacho.

5. Ukigundua umepotea, simama. Rudi ulikotoka ikiwa una hakika ya njia. Kama huna, kaa kivulini mahali pa wazi unapoweza kuonekana.

6. Ukiona mwenzako anayumba au anaropoka juani, usibishane naye. Mpeleke kivulini, mvue nguo za ziada, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma. Penye maji mengi na watu wa kumshikilia, mlowesheni hadi shingoni. Nusu saa ya kwanza ndiyo ya kuokoa maisha, kwa hivyo mpoze kwanza, kisha msafirishe. Aliyezimia usimpe kinywaji, na vidonge vya homa havimsaidii. Usidanganywe na jasho. Mtu aliyekuwa akitembea anaweza kuwa na jasho jingi na bado akawa mahututi.

7. Pigia simu nambari 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199.

Msomaji, sijaandika haya ili wazee wafungiwe nyumbani. Mosley mwenyewe alihimiza watu watembee, na katika hilo alikuwa sahihi. Lakini yeye alikuwa na elimu ya udaktari, mwili uliozoea mazoezi na mwavuli mkononi, na bado hakufika. Ikiwa baba au mama yako atasema Jumamosi hii anakwenda kunyoosha miguu mlimani, usimkataze. Muulize anaondoka saa ngapi na anapita wapi, mjazie chupa ya maji, kisha uvae viatu uandamane naye.