Sigara ya Lindoni na Karanga za Ghalani

Hakuna maradhi yanayotajwa kwa hofu katika kambi zetu kama saratani. Askari asiyetetereka mbele ya risasi hunong'ona anapolitamka jina hilo. Lakini mara nyingi hofu hiyo huelekezwa kusikostahili. Mmoja hataki kuweka simu mfukoni kwa kuogopa saratani, ilhali mkononi ana sigara ya tano tangu alfajiri. Mwingine hamsogelei mwenzake aliye mgonjwa, akidhani ataambukizwa, na jioni yuko kantini na waragi yake.

Saratani haiambukizwi kwa kukaa na mgonjwa. Kuhusu simu, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliyaweka mawimbi yake mwaka 2011 katika fungu la vitu ambavyo huenda vikadhuru. Ushahidi wake ni haba. Tumbaku imo katika fungu la kwanza, la vitu ambavyo ushahidi wake umekamilika. Pombe imo humo tangu mwaka 1988, na mtu anayevuta na kunywa pia hujizidishia hatari ya saratani ya kinywa, koo na umio. Madereva wetu nao wajue kwamba moshi wa dizeli uliwekwa humo mwaka 2012. Basi lori lisiungurumishwe ndani ya gereji iliyofungwa milango.

Sigara haikuingia jeshini kwa bahati. Katika vita vikuu viwili vya dunia askari waligawiwa sigara pamoja na chakula chao. Jeshi la Marekani liliziondoa katika mgao wa vitani mwaka 1975, miaka 11 baada ya mganga mkuu wa nchi hiyo kutangaza kwamba uvutaji huleta saratani ya mapafu. Ndipo ilipotoka desturi ya kuwasha moja lindoni ili kufukuza usingizi, desturi ya ajabu, kwani kila kuruta hufundishwa kwamba cheche ya sigara usiku humwonyesha adui mahali ulipo.

Jambo lisilosemwa sana ni lile la ghalani. Karanga na mahindi yakihifadhiwa yangali na unyevu huota ukungu, na aina fulani za ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hushambulia ini. Kukaanga hakuimalizi, wala kuchemsha. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Hao walikula nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiwekea akiba ya saratani ya ini. Akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari huongezeka maradufu na zaidi. Kwa hiyo mtunza ghala apange magunia juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta, na punje zilizoota ukungu azitupe. Asimpelekee mama watoto nyumbani kwa kuona uchungu wa hasara. Na askari apimwe virusi hivyo; akikutwa hana, apate chanjo.

Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, imekuwapo tangu mwaka 1967. Masikitiko ya waganga wa saratani ni kwamba wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa. Kikohozi kinachopita wiki tatu, damu katika makohozi, uvimbe usiopungua, chakula kukwama kooni: haya yapelekwe kwa mganga wa kambi mara moja, na afande asimhesabu anayeomba ruhusa hiyo kuwa mvivu wa gwaride.

Kwa yule anayevuta, mlango haujafungwa. Miaka kumi baada ya kuacha, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi kiasi cha nusu ya ile ya mwenzake aliyeendelea kuvuta. Koplo wa miaka 30 akiacha mwezi huu, atafikia hapo akiwa na miaka 40.