Bamia ya Kikaango kwa Askari wa West Nile

Askari anayeshika zamu usiku kucha mjini Arua, au anayekagua magari mpakani Oraba, mbele ya Koboko, anastahili mboga iliyopikwa kwa akili. Yasikitisha kwamba katika majiko mengi mboga hutiwa majini asubuhi, zikatokota hadi saa ya chakula, zikapoteza rangi, ladha na sehemu kubwa ya vitamini C. Mwisho wake humwagwa. Huo ni upotevu wa jasho la mkulima, na wa kuni pia, katika mkoa ambao wenyeji na maelfu ya wakimbizi hutegemea miti ile ile.

Twaipendekeza, basi, bamia ya kikaango. Wengi huikwepa kwa sababu ya utelezi wake. Lakini utelezi huo huzidi ikichemshwa. Moto mkavu huupunguza. Tena, Arua iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Sufuria ya maji haivuki kiwango hicho, ilhali chuma kikavu huweza kupita nyuzi 200. Joto hilo ndilo linaloibabua mboga na kuipa harufu tamu.

Utaratibu ni huu. Kwanza, chagua bamia changa, zioshe, uzifute zikauke kabisa, kisha uzipasue kwa urefu. Pili, pasha kikaango kizito mpaka tone la maji liruke na kutoweka. Tia mafuta kidogo. Tatu, zipange safu moja tu, wala usizikoroge kwa dakika mbili au tatu, hadi zipate madoa meusi, ndipo uzigeuze. Zikirundikwa zitatoa mvuke na kuchemka upya. Nne, tia kitunguu, pilipili, na chumvi mwisho, kwa kuwa chumvi huvuta maji. Maliza kwa simsim iliyosagwa na ndimu, ule pamoja na enyasa ya Walugbara au ugali wa kambini.

Kwa kikosi kizima, tumieni karai la chuma na kupika kwa mafungu. Kila fungu halizidi dakika kumi. Enyi wapishi wa jeshi na polisi, sahani inayorudi tupu ndiyo shukrani yenu.