Faili la Kufuli Halina Kosa

Swali limekuja tena, kwa maneno yale yale: "Mkuu, mradi umegoma. Nimefuta node_modules, nimefuta package-lock.json, nimeendesha npm install upya, bado. Nifute nini tena?" Usifute kitu. Na hicho cha pili hukupaswa kukigusa.

Watu hufuta vitu hivi viwili kwa amri moja kana kwamba ni mapacha. Node_modules ni mzigo ulioshushwa tu. Ukiufuta leo utarudi, na hasara yako ni muda na bando. Package-lock.json ni habari nyingine. Humo kila pakeji, yaani zile ulizoziomba, zile zinazotegemewa na hizo, na zinazotegemewa na hizo tena hadi chini, imeandikwa toleo lake kamili, mahali ilikotoka, na hashi ya kuthibitisha kwamba kinachoshushwa leo ndicho kilichoshushwa siku ile. Package.json haijui hayo. Yenyewe inasema "^4.17.0", maana yake toleo lolote kuanzia hilo alimradi lisifike 5.0.0. Hayo ni matakwa. Rekodi ya kilichofanya kazi iko kwenye package-lock.json, yaani faili la kufuli, ambalo npm ilianza kulitengeneza yenyewe kuanzia toleo la 5, mwaka 2017, baada ya watu kuchoka kuambiwa "kwangu mbona inafanya kazi". Anayelifuta ni sawa na fundi cherehani anayechoma daftari la vipimo kwa sababu gauni moja limebana.

Mbona basi dawa hii mara nyingine huonekana kuponya? Hapo ndipo inapodanganya. Kufuli likishatoweka, npm husoma matakwa upya na kuchukua matoleo mapya yanayoruhusiwa siku hiyo. Mradi wa kawaida una mamia ya pakeji. Unaweza kubadilishiwa makumi kwa mpigo, na huenda mojawapo ndiyo iliyokuwa na hitilafu. Kosa limeondoka, lakini hujui lilikuwa nini wala lilikuwa wapi, na umeingiza makumi ya mabadiliko ambayo hakuna mtu kwenye timu aliyeyapima. Wiki inayofuata fomu ya malipo inagoma kwenye simu za zamani, na lawama anabeba aliyeandika fomu.

Hilo ni la uzembe tu. Kuna la hatari. Januari 2022, mwandishi wa pakeji ya colors aliiharibu kwa makusudi: toleo 1.4.1 lilizunguka bila kikomo likimwaga takataka kwenye terminali. Aliyekuwa amefungiwa 1.4.0 na kuliheshimu kufuli lake hakuguswa. Aliyeandika "^1.4.0" na kusakinisha bila kufuli alilipokea. Septemba 2025, mtunzaji wa chalk na debug, pakeji ambazo miradi mingi ya JavaScript inazo mahali fulani chini kabisa, alinaswa na barua pepe ya kitapeli. Matoleo yenye msimbo wa kubadilisha anwani za pochi za sarafu za kidijitali yakawekwa hadharani, yakakaa saa chache kabla ya kuondolewa. Saa chache zinamtosha sana mtu anayefuta kufuli kila mradi unapokohoa.

Haki isemwe: kuna ujumbe mmoja unaokuambia wenyewe ufute vyote viwili. Ni ule wa Rollup, ambao watumiaji wa Vite wanaujua, unapolalamika kwamba kipande kama @rollup/rollup-linux-x64-gnu hakionekani. Hiyo ni hitilafu ya npm yenyewe kuhusu vitegemezi vya hiari: kufuli lililotengenezwa kwenye Mac au Windows linaweza kukosa vipande vya Linux, na seva ikakwama. Ushauri ule ni halali kwa ujumbe ule. Si halali kwa kila maandishi mekundu. Na hata hapo, endesha git diff uone ni nini kilichobadilika kabla hujakipeleka kwa wenzako.

Isitoshe, wengi wanaoniuliza hawana tatizo la kufuli hata kidogo. Wana ERESOLVE, kosa la npm la matoleo yasiyopatana. Mradi una React 19, wakaongeza maktaba ya kalenda inayotangaza kwamba inaijua React 18 tu. Zamani npm ilionya na kuendelea. Tangu toleo la 7 la mwaka 2020 inasimama. Mgongano huo umetokana na package.json yako, kwa hiyo hata ufute kompyuta nzima utakuta unakusubiri. Nao wanaokushauri uweke --legacy-peer-deps wanakufundisha kuinyamazisha npm. Mgongano unabaki pale pale, sasa bila kelele.

Fanya hivi. Kama umeshalifuta kufuli, git restore package-lock.json, kisha npm ci, ambayo hufuta node_modules yenyewe na kusakinisha kilichoandikwa, hakuna zaidi. Kwenye seva tumia npm ci siku zote. Kufuli liingie kwenye Git. Ukilikuta ndani ya .gitignore, litoe leo. Usichanganye yarn.lock na package-lock.json kwenye mradi mmoja. Toleo la Node liwe moja kwa timu nzima. Kujua nani ameileta pakeji fulani, npm explain na jina lake. ERESOLVE? Pandisha maktaba, au rudi React 18, au tafuta maktaba nyingine. Kulazimisha toleo kwa overrides kwenye package.json ni kwa aliyepima mwenyewe. Sasisha pakeji moja moja, ukipima kila mara. Npm audit fix --force iache, maana inaweza kukurusha hadi toleo kuu jipya bila kukuuliza. Mwenye pnpm kuanzia 10.16 aweke minimumReleaseAge, ili toleo lililotoka asubuhi hii lisiingie kwake mchana.

Na ukiniandikia, nitumie ujumbe wote wa kosa kama maandishi, kuanzia mstari wa kwanza, pamoja na majibu ya node -v na npm -v. Picha ya mstari wa mwisho siijibu.