Betri ya Kompyuta Mpakato Isiyojaa: Chunguza Kabla ya Kununua Nyingine

Watumiaji wa kompyuta mpakato wanashauriwa kubaini kwanza chanzo cha betri kutojaa kabla ya kwenda Kariakoo kununua nyingine, kwani si kila betri isiyojaa ni mbovu.

Endapo chaji hukoma kwenye asilimia 80, betri yaweza kuwa nzima. Kampuni kama Lenovo, ASUS na Apple zimeweka mpangilio unaosimamisha chaji mapema kwa makusudi, kwa kuwa betri ya lithiamu huchakaa upesi ikikaa imejaa, hususan kwenye joto kama la Dar es Salaam. Mpangilio huo unaweza kuondolewa.

Pili, ikaguliwe chaja. Volti zake zilingane na zilizoandikwa kwenye kompyuta, na wati zisipungue.

Tatu, kwa kompyuta zenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa taarifa inayolinganisha uwezo wa awali wa betri na wa sasa. Uwezo ukishuka hadi nusu, betri imechakaa na hakuna mpangilio utakaoirejesha.

Anayelazimika kununua ahakikishe namba ya betri inalingana na ya zamani, na adai risiti ya EFD pamoja na dhamana ya maandishi. Bidhaa inayoshukiwa kuwa bandia iripotiwe Tume ya Ushindani (FCC).

Betri iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa, kwani inaweza kulipuka moto.