Seriamu na Tatizo la "Udongo Adimu"

Mfasiri anayekabidhiwa taarifa za mlima Ngualla, mkoani Songwe, hana budi kuamua ataliitaje kundi la elementi 17 ambalo lugha za Ulaya huliita "udongo adimu". Wengine hufasiri neno kwa neno. Wengine huandika "madini adimu". Istilahi zote mbili zina kasoro, nasi tutazieleza kwa mfano wa elementi moja: seriamu.

Tumchukue msomaji wa Machame. Kwake udongo ni ule wa kihamba, wenye migomba na kahawa. Akisoma kwamba kampuni imepewa haki ya "udongo adimu", ataelewa kuwa ardhi ya kulima inachukuliwa. Akisoma "madini adimu", atafikiri tanzanaiti ya Mererani, kusini ya mlima wake. Tanzanaiti haimo katika kundi hili. Rangi yake yatokana na vanadiamu.

Seriamu ni metali ya kijivu, laini, yenye namba atomia 58. Hewani hupoteza mng'ao upesi, na ikikwaruzwa hutoa cheche. Iligunduliwa mwaka 1803 na Berzelius na Hisinger nchini Sweden, na pia Klaproth nchini Ujerumani. Walichopata hakikuwa metali yenyewe bali oksidi yake. Wanakemia wa zamani waliziita "udongo" oksidi zisizoyeyuka majini wala kubadilishwa na moto. Hiyo ndiyo asili ya jina.

Neno "adimu" nalo lapotosha. Katika ganda la dunia seriamu yakaribia shaba kwa wingi, na yaizidi risasi. Ugumu ni kuipata imekusanyika pamoja, na kuitenga na ndugu zake. Mwaka 1839 Mosander alikuta lanthanamu ndani ya oksidi ya seriamu iliyodhaniwa safi. Mwaka 1885 Auer von Welsbach aliigawa "didimiamu", yaani pacha, ikawa neodimiamu na praseodimiamu, ambazo leo hutengenezewa sumaku zenye nguvu na ndizo zinazoipa Ngualla thamani.

Matumizi ya seriamu si mageni kwetu. Kile kifuko cheupe cha karabai kilitiwa chumvi za thoriamu na seriamu kidogo. Uzi ukiungua, hubaki oksidi ziwakazo kwa mwanga mweupe. Kijiwe cha kiberiti cha gesi ni mchanganyiko wenye seriamu na chuma. Oksidi yake hung'arishia vioo na lenzi.

Kwa hiyo twapendekeza: kundi liitwe "elementi adimu", mwamba unaochimbwa uitwe "madini yenye elementi adimu", na kinachouzwa baada ya kusafishwa kiitwe "oksidi", si "udongo". Inapowezekana, elementi itajwe kwa jina lake. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama. Neno lililofasiriwa ovyo katika mkataba laweza kumfikisha mwanakijiji mbele ya hakimu akidai kitu ambacho hakikuandikwa, au akinyimwa kilichoandikwa.