Wi-Fi inasuasua kwenye Linux? Usikimbilie kuilaumu mvua

Mtandao ukisuasua hapa Tukuyu, wa kwanza kulaumiwa ni mvua, wa pili ni kampuni ya simu. Na kama laptopu yako ina Linux, basi lawama zote zinaiangukia Linux. Mara nyingi tatizo liko kwenye kitu ambacho hakuna anayekitaja: draiva.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Laptopu nyingi za mtumba hazitimizi vigezo vya Windows 11, kwa hiyo mtu anaweka Ubuntu au Linux Mint. Mashine inakuwa nyepesi, ila Wi-Fi inakuwa nzito. Anakata tamaa, anarudi kwenye Windows ya wizi yenye virusi, au anaanza kutafuta hela ya laptopu mpya. Kabla hujafika huko, soma kwanza.

Vipi kuhusu mvua?

Sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Lakini mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hayajali sana matone. Hata mvua kubwa huyapunguza kwa chini ya desibeli 0.1 kwa kilomita nzima, na ruta yako iko mita kumi tu. Kinachoyazuia ni kuta nene na majani yaliyoloa. Kama ruta iko nyumba ya pili na katikati kuna migomba, laumu migomba.

Draiva inafanya nini?

Kadi ya Wi-Fi ni chipu yenye lugha yake. Draiva ni mkalimani kati ya chipu hiyo na keneli, yaani kiini cha Linux. Inahusika na antena ipi itumike, data itumwe kwa kasi gani, na chipu ilale saa ngapi kuokoa betri. Mkalimani akiwa dhaifu, chipu nzima itaonekana mbovu.

Wakalimani hawa hawalingani kwa sababu watengenezaji hawalingani. Intel huandika draiva za Linux yenyewe. Chipu za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k zinasifika kwa uwazi wake. Broadcom kwa miaka mingi haikutoa maelezo ya chipu zake, hivyo watu wa kujitolea walilazimika kuchunguza wenyewe zinavyofanya kazi. Mwaka 2010 ndipo ilipotoa draiva huria kwa baadhi ya chipu. Mmoja wa waliojitolea alikuwa Larry Finger, mwanasayansi mstaafu wa Marekani, aliyezishughulikia draiva za Broadcom na baadaye za Realtek hadi alipofariki Juni 2024. Inawezekana kabisa laptopu yako inashika Wi-Fi leo kwa sababu ya jasho lake.

Jipime mwenyewe

Kaa karibu na ruta, simu yako ikiwa pembeni. Fungua teminali, andika `iw dev` upate jina la kadi, mfano wlp2s0. Kisha:

`iw dev wlp2s0 link`

Angalia namba ya signal. Kati ya -40 na -60 ni nzuri. Ikikaribia -80 ni dhaifu.

*Signal ni dhaifu, lakini simu inashika vizuri.* Andika `lspci -k` uone jina la draiva. Ukikuta rtl8723be, ambayo ipo kwenye baadhi ya laptopu za HP, tatizo linajulikana. Chipu ina sehemu mbili za antena, fundi wa kiwandani ameunganisha moja, na draiva inasikiliza ile isiyo na waya! Tengeneza faili `/etc/modprobe.d/rtl8723be.conf`, ndani yake andika:

`options rtl8723be ant_sel=1`

Washa upya. Isipobadilika, weka 2 badala ya 1.

*Signal ni nzuri, lakini mtandao unakwamakwama.* Pima muda wa ruta kujibu kwa `ping` na anwani yake, mara nyingi 192.168.1.1. Milisekunde chache ni sawa. Ikizidi 100 mara kwa mara, huenda chipu inasinzia. Ili kuokoa betri, kadi hulala na kuamka kusikiliza tangazo la ruta, ambalo kwa kawaida hutoka kila baada ya milisekunde 102 hivi. Data inasubiri mlangoni. Izuie isilale:

`sudo iw dev wlp2s0 set power_save off`

Betri itaisha mapema kidogo, na ukizima mashine utairudia amri hiyo.

*Kadi haionekani kabisa.* Huenda imekosa fimuweya, programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, kisha sasisha mfumo. Njia hii haihitaji Wi-Fi.

*Ruta inajibu haraka, lakini kurasa hazifunguki.* Hapo Linux haina kosa. Angalia bando au mnara.

Dirisha la maombi ya mkopo wa HESLB halimsubiri mtu, na kila fomu inayokwama inakurudisha steshenari na hela mkononi. Dakika kumi za vipimo hivi hazigharimu kitu. Vifanye kwanza, ndipo uamue kama laptopu yako imezeeka kweli. Ukikwama, tuandikie jina la draiva yako na namba ya signal uliyoipata.